Kidani cha bibi mkononi mwa binti: mwongozo wa kukabidhi kumbukumbu ya familia wakati wa harusi

Usiku wa kuamkia akdi yangu, yaani kufungishwa ndoa, baada ya mpakaji hina kuaga na huku nyayo zangu zikiwa bado zimefungwa vitambaa, mama alifunga mlango wa chumba, akaketi ukingoni mwa kitanda na kufungua fundo la kipande cha kanga kuukuu alichokuwa amekishika kiganjani. Ndani yake mlikuwamo kidani cha bibi mzaa mama, dhahabu ya karati 22 yenye uzito wa tola mbili na robo, ambacho karibu na kifungio kimezungushiwa uzi mwekundu kwa sababu ndoana yake ililegea zamani na bibi hakupenda sonara yeyote aiguse. Mama hakuzungumza zaidi ya robo saa. Alinieleza kidani kilitoka wapi, akanitamkia kwamba kuanzia saa hiyo ni changu, akanivisha, kisha akakivua na kukiweka mkononi mwangu ili nikifunge mwenyewe katika kile kile kipande cha kanga.

Mwaka jana zamu ilikuwa yangu, kwa binti yangu wa kwanza. Nilipoanza kujiandaa nilitambua kwamba ile robo saa ya mama ilikuwa na kazi kubwa nyuma yake ambayo sikuiona nilipokuwa bi harusi. Siku hizi familia hutumia miezi kupanga ukumbi, chakula na mapambo, lakini kumbukumbu ya wazee hutolewa kwa pupa na kwa maneno ya nusunusu, au huachwa kabatini mpaka mwenyewe afariki na watoto waanze kuvutana. Hatua ninazozieleza hapa ndizo nilizozifuata, pamoja na zile ambazo natamani ningezifuata mapema. Nazungumzia zaidi dhahabu ya mama kwa binti katika familia za Kiislamu za mwambao, kwa kuwa ndiyo niliyoishika kwa mikono yangu. Mwenye kasha la njumu, yaani sanduku la mbao lililopambwa kwa shaba, au jambia la babu, kile kisu kilichopinda, nitamfikia mbele kidogo.

Hatua ya kwanza: kijue kitu unachokitoa, angalau miezi mitatu kabla

Anza na mizani. Mpelekee sonara unayemwamini, simama hapo hapo anapopima, na uandike uzito kwa gramu hata kama familia yenu huhesabu kwa tola. Tola moja ni gramu 11.66, kwa hiyo kidani chetu cha tola mbili na robo ni gramu 26.2. Tazama pia kama kimegongwa nambari ya usafi wake: 916 ni karati 22, yaani sehemu 22 za dhahabu safi katika kila sehemu 24, 875 ni karati 21, inayopendwa sana Oman na nchi nyingine za Ghuba, na 750 ni karati 18. Vitu vingi vya zamani havina nambari yoyote, na hilo lisikutie shaka, kwa maana sonara mzoefu atakisugua kidogo kwenye jiwe lake jeusi, atatia tone la dawa na kukuambia daraja lake. Piga picha za mbele, za nyuma na za kifungio kwa karibu, huku kidani kikiwa kimewekwa kando ya rula. Alama ndogo kama mkwaruzo, kijipete kilichopinda au, kwa upande wetu, ule uzi mwekundu, ndizo zitakazokithibitisha kidani siku kikipotea na kuonekana tena mahali pengine.

Baada ya uzito, tafuta hadithi yake, na hii ndiyo kazi inayochukua muda. Mimi nilidhani naijua yote. Nilipokaa na mama mdogo, ambaye sasa ndiye mkubwa kwetu, nikamwomba anisimulie huku simu ikirekodi sauti, alinieleza mambo mawili ambayo mama yangu hakuwahi kuyasema. Kwanza, bibi alikinunua kidani hicho kwa fedha ya msimu mmoja wa karafuu kule Wete, Pemba, kutoka kwenye mikarafuu yake mwenyewe, wala hakupewa na mume kama nilivyokuwa nikiamini miaka yote. Pili, kiliwahi kuwekwa rehani mara mbili: mara ya kwanza kwa ajili ya nauli ya kuvuka kuja Tanga, na mara ya pili kwa ajili ya matibabu ya mjomba. Mara zote mbili bibi alikikomboa, na mara ya pili alikosa kukivaa katika harusi ya binti yake mwenyewe kwa sababu kilikuwa bado dukani kwa mkopeshaji.

Ukiwauliza wazee kwa ujumla tu, watakujibu kwa ujumla. Uliza aliyekinunua alikuwa nani na fedha ilitoka wapi. Uliza kimevaliwa katika harusi za nani. Uliza kimewahi kuponea chupuchupu mara ngapi, kwa rehani, kwa wizi au kwa kusahauliwa safarini. Swali hili la mwisho ndilo lililowafungua wengi niliowauliza, kwa kuwa kila familia yenye dhahabu ya zamani imewahi kushikwa na shida.

Hatua ya pili: amua kama unatoa, unaazima, au unashika mali ya warithi

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo familia huvunjika. Katika ukoo wetu upo mkufu mwingine, mzito kuliko kidani hiki, ambao jamaa mmoja alimvisha bi harusi ukumbini mbele ya watu zaidi ya mia tatu, vigelegele vikipigwa na kamera zikimulika. Hakuna aliyesema kama umetolewa au umeazimwa. Kwetu ni jambo la kawaida kabisa kumwazima bi harusi dhahabu ya mashangazi na mama wadogo ili apambike, kisha baada ya fungate kila mtu akarudishiwa chake. Kwa hiyo mwenye mkufu alidhani ameazima, bi harusi alidhani amepewa, na kila mmoja aliona haya kumuuliza mwenzake. Miaka kumi na mmoja baadaye ndoa ilipokwisha, mkufu ule ulidaiwa na pande tatu, na mpaka leo wapo ndugu wasioingia nyumba za wenzao.

Basi mwenye kitu aamue moyoni mwake kabla ya kufungua kinywa. Mlango wa kwanza ni hiba, yaani kutoa moja kwa moja ukiwa hai na mwenye akili timamu. Katika sheria ya Kiislamu hiba inahitaji mtoaji atamke kwamba anatoa, anayepewa akubali, na kitu kifike mikononi mwake. Sharti hili la kukabidhi ndilo linalosahauliwa na akina mama wengi. Mama anayewaambia watu kwa miaka ishirini kwamba "hiki ni cha fulani", huku kidani kikiendelea kukaa katika sanduku lake na ufunguo ukiwa kiunoni mwake, hajatoa kitu bado, na siku akifariki kidani hicho kitaingia katika mirathi pamoja na vitu vyake vingine vyote. Akisema "kitakuwa chake nikifa", huo ni wasia, na wasia kwa mrithi haupiti mpaka warithi wenzake waridhie.

Mlango wa pili ni ariya, yaani kuazima kitu kitumiwe na kirudi. Hakuna aibu katika ariya, mradi itamkwe. Mwambie bi harusi, mbele ya mama yake au somo wake, yule mwanamke anayemfunda, kwamba mkufu ni wa kupambia na unarudi siku fulani. Maneno hayo machache yangeinusuru familia niliyoitaja.

Mlango wa tatu ni mgumu zaidi, na ndugu wengi hawaujui kwamba wameusimamia. Ikiwa kidani kilikuwa cha mama yako aliyekwisha kufariki, na mirathi yake haijawahi kugawanywa, basi kidani hicho si chako peke yako hata kama kimelala kabatini mwako kwa miaka kumi na mitano. Ni mali ya warithi wake wote kwa mafungu yao, pamoja na kaka zako ambao hawavai dhahabu. Waite, waeleze nia yako, na uwaombe ama waridhie kwa hiari fungu lao liende kwa binti, ama uwalipe thamani ya fungu hilo. Pakiwa na ubishi, Zanzibar na Kenya kuna mahakama za kadhi zinazoshughulikia mirathi ya Waislamu, na Tanzania Bara msimamizi wa mirathi huteuliwa na mahakama. Namsihi mzazi asilikwepe jambo hili kwa kuogopa maneno, kwa sababu ndugu anayeridhia leo kwa kuulizwa ndiye yule yule ambaye angelalamika kesho kwa kutoulizwa.

Zipo pia sheria za nchi. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, katika kifungu cha 58, inasema kwamba ndoa yenyewe haibadilishi umiliki wa mali ya mume wala ya mke, isipokuwa wenyewe wakipatana vingine. Kenya, Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 haihesabu kitu ambacho mtu alikipata au kukirithi kabla ya ndoa kuwa ni mali ya ndoa, ingawa Mwislamu anaruhusiwa kufuata sheria ya dini yake katika jambo hili. Kwa upande wowote utakaousimamia, binti aliyekabidhiwa kidani chake kabla ya akdi amesimama mahali imara kuliko aliyekabidhiwa wiki moja baadaye. Hiyo ni sababu moja, mbali na mila, iliyonifanya nichague usiku wa hina.

Usikichanganye kitu hiki na mahari. Mahari ni haki ya bi harusi inayotoka kwa mume, na hutajwa katika akdi. Kidani cha mama hakitajwi huko, hakihesabiwi ndani yake, na wala haipendezi mshenga akakitumia katika mazungumzo ili kupunguza au kupandisha kiwango.

Hatua ya tatu: waambie watoto wako wengine kabla ya bi harusi

Nina mabinti wawili na mtoto wa kiume, na kidani ni kimoja. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, baba wa Nu'man bin Bashir alitaka kumpa mwanawe kitu, na Mtume akamuuliza kama watoto wake wote amewapa kama hicho. Aliposema hapana, aliamrishwa amche Mwenyezi Mungu na afanye uadilifu baina ya watoto wake. Nililipima jambo hilo kwa muda mrefu. Wapo wanaotatua kwa kukipeleka kidani kwa sonara kikayeyushwa na kugawanywa kuwa bangili tatu, na siwezi kuwalaumu, ila kwangu mimi hilo ni kukitoa kidani bila mtu yeyote kukipata.

Niliuliza bei ya dhahabu kwa masonara wawili siku moja, nikapata thamani ya kidani kwa uzito wake, kisha nikawawekea wale wawili wengine vitu vya thamani hiyo hiyo: binti mdogo bangili nilizozinunua moja moja kwa miaka minne, na kijana wangu mchango katika mahari yake. Kabla ya kumgusia bi harusi neno lolote, nilimwita binti mdogo jikoni tukiwa wawili.

"Mama, mimi sililii dhahabu," aliniambia huku akiendelea kumenya vitunguu. "Nataka kujua tu, mbona dada?"

Nilimjibu kwamba kidani kimoja hakiingii nyumba mbili, kwamba mimi pia nilipewa kwa kuwa niliolewa kwanza na mama yake mdogo akapewa kitu kingine, na kwamba nitamwomba dada yake amwazime siku ya harusi yake mwenyewe. Alinyamaza kidogo, akasema, "Basi umwambie mbele yangu." Nilifanya hivyo, na ninawashauri wazazi wengine wafanye hivyo, kwa sababu ahadi ya ariya baina ya ndugu wawili inahitaji masikio mawili.

Baba naye aambiwe, hata kama dhahabu ni ya mama peke yake na ana haki ya kuitoa bila kuomba ruhusa. Asije akalisikia jambo la nyumba yake kutoka kwa wageni.

Hatua ya nne: kisafishe, lakini usikifanye kipya

Miaka mingi iliyopita niliacha bangili yangu kwa sonara mmoja ikaoshwe. Ilirudi inang'aa kama iliyotoka dukani jana, na kwa wiki nzima niliifurahia, mpaka nilipogundua kwamba nakshi zake zimefifia na mkononi imekuwa nyepesi. Sikuwa na uzito wa awali wa kumwonyesha, kwa hiyo sikuwa na neno la kusema. Kung'arisha kwa mashine hula dhahabu, hata mikononi mwa mtu mwaminifu, na dhahabu ya karati 22 ni laini. Ndiyo maana nimesema uanze na mizani: pima kabla, pima baada, na kama kuna kipande kilichobadilishwa, kidai cha zamani ukirudi nacho nyumbani.

Kwa uchafu wa kawaida, nyumbani panatosha. Tia maji ya uvuguvugu katika beseni, kamwe si moja kwa moja kwenye sinki lenye tundu, weka tone la sabuni ya vyombo, loweka kwa dakika chache na usugue taratibu kwa mswaki laini, hasa nyuma ya nakshi ambako liwa, ule unga wa msandali, na mafuta ya miaka hujikusanya. Suuza, kausha kwa kitambaa cha pamba, na ukiache kwenye hewa mpaka unyevu wote uishe. Dawa za kufulia zenye klorini zisikaribie dhahabu kabisa, kwani huidhoofisha katika viungo. Kidani chenye lulu au vito vilivyobandikwa kisilowekwe, bali kifutwe kwa kitambaa chenye unyevu. Kama kiungo kimelegea kiasi cha kuhatarisha kitu kuanguka, kilehemiwe, lakini mwelekeze sonara kwa maneno wazi aguse hapo tu.

Hatua ya tano: chagua saa na mahali

Harusi ya mwambao ina milango mingi ya kuingilia: kuna singo, yaani kumsugua bi harusi kwa manukato, kuna hina, kuna akdi, kuna kuingia ndani, kuna ukumbi, na kuna fungate. Kwa maoni yangu saa bora ni usiku wa hina baada ya wageni kutawanyika. Wakati wa singo bi harusi amepakwa liwa na maua, na mchanganyiko ule huingia katika viungo vya dhahabu. Asubuhi ya akdi nyumba haina utulivu. Ukumbini kuna muziki, kuna mshehereshaji mwenye kipaza sauti, na binti anawaza kope zake zisichuruzike. Hatasikia neno utakalomwambia, na wewe mwenyewe utajikuta unawasemea wageni. Kwa wenzetu wa bara wenye hafla ya kumuaga binti, inayoitwa sendofu, wazazi hupewa nafasi ya kukabidhi zawadi mbele ya jamaa wa pande zote mbili. Nafasi hiyo ni nzuri kwa kitanda, vyombo na cherehani. Kumbukumbu ya familia ikabidhiwe nyumbani kabla, na katika hafla binti aonekane tu ameivaa.

Chumbani wawepo watu wachache. Sisi tulikuwa watano: mimi, bi harusi, mdogo wake, mama mdogo, na somo wake. Simu zilibaki nje. Nilifukiza udi kidogo kwanza, nikamtandikia kisutu, kanga ya harusi, mapajani ili kidani kikianguka kisidondoke sakafuni, na nikangoja mpaka hina ya viganjani ikauke na kubanduliwa, kwa kuwa lazima akipokee kwa mikono yake.

Hatua ya sita: maneno yenyewe

Usiandike hotuba. Mzazi anayesoma karatasi wakati huo hulia katikati na binti naye akalia, na jambo halisemwi. Shika mambo matatu moyoni: kimetoka wapi, kuanzia sasa ni cha nani, na una ruhusa gani au ombi gani juu yake. Mimi nilisema hivi, kwa kadiri ninavyokumbuka:

"Mwanangu, hiki ni kidani cha bibi yangu mzaa mama. Alikinunua kwa karafuu zake mwenyewe. Akampa mama yangu, mama akanipa mimi usiku kama huu. Mimi leo nakupa wewe, kiwe mali yako, si ya mumeo, si yangu tena. Umekubali?"

"Nimekubali, mama. Nimekipokea."

Ndipo nikamsimulia habari ya rehani mbili. Mama mdogo alinikatiza pale nilipokosea, ikawa vizuri zaidi, kwa maana binti alilisikia jambo kutoka kwa aliyeliona. Kisha nikamwambia maneno ambayo mama aliniambia mimi, kwamba akishikwa na shida ya kweli ana ruhusa ya kukiweka rehani au hata kukiuza, na asije akalala njaa au akaacha mtoto bila dawa kwa kuogopa kwamba wazee watamlaumu. Ninaamini kwamba ruhusa hii ni ya lazima. Bila hiyo unampa mtoto mzigo, na mzigo wa dhahabu huwa mzito zaidi kwa mwanamke aliye mbali na kwao. Nilimwomba jambo moja tu: akitaka kukiuza, aniulize kwanza mimi au mdogo wake kama tunaweza kukinunua. Mwishoni nilimvisha, mama mdogo akaomba dua, na yeye akakivua na kukifunga mwenyewe.

Ombi na sharti ni vitu viwili tofauti. Ukisema "nakupa lakini usikiuze", unavuruga hiba yenyewe na kuleta maswali ambayo wajukuu hawataweza kuyajibu. Toa, kisha omba.

Hatua ya saba: andika

Wapo watakaoona kuandikiana na mtoto ni ukavu. Sikuona hivyo, na kazi hiyo haikuchukua dakika tano. Siku ya pili yake, kabla ya akdi, niliandika kwa mkono: "Mimi, mama mzazi, nimempa binti yangu kidani cha dhahabu cha gramu 26.2, chenye uzi mwekundu kwenye kifungio, kiwe mali yake mwenyewe. Amekipokea mkononi." Nikatia tarehe na majina yetu kamili, nikatia saini, naye akatia, na mama mdogo pamoja na somo wakawa mashahidi. Nakala moja anayo yeye pamoja na picha na ile sauti iliyorekodiwa, na nyingine ninayo mimi.

Ikiwa una mtoto wa kiume tu

Dhahabu ni haramu kwa mwanamume Mwislamu kuivaa, lakini si haramu kuimiliki, kwa hiyo mama asiye na binti ana njia mbili, na azichague kwa macho wazi. Anaweza kumpa mwanawe kidani kiwe mali yake, na mwana akamwazima mkewe akivae. Au anaweza kumpa mkwe moja kwa moja. Ukimpa mkwe ni chake, ndoa idumu au isidumu, na usimsimange kwa hilo baadaye. Binafsi ningempa mkwe, lakini ningengoja mpaka nimfahamu, wala nisingefanya hivyo wiki ya harusi kwa kushindana na zawadi za upande wa pili.

Kwa kijana, zipo kumbukumbu nyingine zinazomfaa: joho la babu, jambia, au kasha. Joho litolewe kabatini mapema, lianikwe kivulini na kutazamwa mishono, kwa sababu nyuzi za dhahabu za pindo hukatika likikunjwa mahali pale pale kwa miaka. Jambia lipakwe mafuta kidogo kwenye bapa lake, na kama ni la kusafiri nalo lisiwekwe katika mkoba wa mkononi uwanja wa ndege. Kasha la njumu lina habari yake peke yake: pima mlango wa nyumba ya maharusi kabla ya kulipakia garini, toa droo zote za ndani, na umwonyeshe mpokeaji kidaka cha siri kama kipo, maana najua kasha lililouzwa na ndugu huku hati za shamba zikiwa bado ndani ya kidaka hicho.

Siku ya harusi na baada yake

Mteue mtu mmoja, mwenye mkoba unaofungwa kwa zipu na asiye na kazi nyingine, awe mwangalizi wa dhahabu kuanzia bi harusi anapovishwa hadi anapovuliwa. Vitu vya kuazimwa viorodheshwe katika daftari kwa jina la mwenye kitu, na kidani cha hiba kisiwe katika orodha hiyo. Manukato na dawa ya nywele vinyunyizwe kwanza, dhahabu ivaliwe mwisho. Kifungio kilicholegea kifungwe pia kwa uzi imara wa rangi ya nguo. Binti anayesafiri kwenda kuishi Muscat, London au kwingineko asikitie kidani katika sanduku linalokabidhiwa shirika la ndege, bali akae nacho mwilini au katika mkoba wake, pamoja na picha na nakala ya karatasi.

Akifika kwake, akitunze peke yake katika kifuko cha kitambaa laini, kwa kuwa dhahabu laini ikisuguana na bangili hukwaruzika. Kisutu na kanga nyingine za kumbukumbu zisifungiwe ndani ya plastiki, ambayo hushika unyevu wa pwani na kuleta ukungu. Zikunjwe ndani ya kitambaa cha pamba, zitiwe karafuu kavu kwenye kifuko kidogo, na zifunguliwe kila baada ya miezi michache ili mikunjo ibadilishwe mahali. Amuulize pia mwanachuoni wake habari ya zaka. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi mwambao, mapambo ya halali anayoyavaa mwanamke hayatolewi zaka, ilhali Hanafi huyahesabu yakifika kiwango, na kiwango kinachotumiwa kwa kawaida ni gramu 85 za dhahabu safi kwa jumla ya yote aliyonayo.

Umebaki ule uzi. Katika nyumba yetu hubadilishwa kila kidani kinapobadilisha mikono, na anayeufunga mpya ni yule aliyepokea. Binti yangu aliufunga siku ya tatu ya fungate, kwa uzi mwekundu alioutoa katika cherehani ya mama mkwe wake, na wa zamani, niliokuwa nimeufunga mimi mwenyewe nilipokuwa bi harusi, umo ndani ya bahasha ya kaki pamoja na ile karatasi.